Sifa za Faharasa ya Saba

Waliousifu mbuni wametosha. Mimi leo naisifu faharasa ya saba ya kanzidata yetu, ambayo tangu izaliwe hakuna aliyeitumia.

Mimi ni karani wa ushirika mmoja huku mlimani, juu ya Moshi. Gunia la kahawa likipimwa, mstari mmoja huingia kwenye jedwali la mapokezi, na jedwali hilo limebeba misimu mingi ya vijiji vingi. Zamani faharasa ilikuwa moja, ya namba ya risiti. Risiti hufuatana, kwa hiyo mpya hukaa mwishoni, kazi kwisha. Maisha gani hayo? Viongozi wakataka kutafuta kwa mwanachama, kijiji, daraja, tarehe, namba ya simu; kila kimoja kikapata faharasa yake. Ya saba ni ya rangi ya gunia, iliyoombwa kwa ajili ya ripoti ambayo haikuandikwa.

Sasa mwanachama wetu Meku akileta gunia moja, diski hubeba manane: moja la jedwali, saba ya faharasa. Namba za simu ndizo tamu zaidi. Kila moja ina nafasi yake kwenye jani fulani la ule mti wa faharasa waliouvumbua Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, mwaka 1970. Jani lisipokuwa kwenye kumbukumbu hufuatwa diskini. Likikutwa limejaa hupasuliwa mawili, na tawi la juu lazima lijulishwe. Na ya saba nayo haikubali kurukwa, kama mjomba asiyechangia harusi lakini sahani yake haikosi.

Kompyuta yetu ni kongwe. Duara la kusubiri likizunguka kwenye skrini, Meku hukaa kwenye benchi.

"Mashine imelala, mjukuu wangu?"

"Inapanga, babu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yake alijiunga na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ndiyo kwanza inaanzishwa. Hadi risiti inatoka tumeshafika kwenye mfongo, mfereji wa maji wa kwao, na nani aliyeuziba.

Mwezi uliopita tulipakia madaftari ya zamani. Nikafuta faharasa zote isipokuwa ya risiti, ili nizijenge upya kwa mkupuo mwishoni, kama mafundi wanavyoshauri. Kazi ya usiku kucha ikaisha mapema, nami nikasahau kuzijenga. Asubuhi mhasibu akamtafuta mwanachama mmoja. Mashine ikasoma jedwali zima, mstari kwa mstari. Alienda kula mtori, akarudi, bado inasoma.

Meku naye akafika. Risiti ikatoka kabla hajaketi. Akaitazama, akanitazama.

"Leo unanifukuza?"

Jioni ile nikazijenga zote, nikianza na ya saba.