Kamanda Asiyepokea Amri

Kufuga mbwa asiyesikia ni aibu popote pale. Kumfuga Morogoro ni aibu maradufu, maana mji huu una panya waliosoma. Tangu mwaka 2000, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akabaini mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 vilivyofukiwa, na mwaka 2020 shirika la hisani la wanyama la Uingereza, PDSA, likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya! Mimi nina mbwa mzima, mwenye afya na macho mawili, na ukimwambia "kaa" anageuka nyuma kutazama unamwambia nani.

"Baba Neema," mke wangu husema, "panya anategua mabomu, huyu wako anashindwa hata kukaa chini?"

Humweleza kwamba panya hategui. Huonyesha tu kwa kukwaruza ardhi, kutegua ni kazi ya binadamu. Hoja hiyo haijawahi kunisaidia.

Mbwa mwenyewe ni wa kienyeji, na tulimpa jina la Kamanda angali mtoto. Nashuku jina ndilo lililomponza. Makamanda hutoa amri, hawapokei.

Nikaamua kumsomesha kwa mtaala wa wale panya, ambao wala si siri. Mwalimu ana kidude kinachotoa mlio mkavu: klik! Panya akipatia, kidude kinalia, kisha anapewa kipande cha ndizi. Muda si mrefu mlio wenyewe unakuwa ahadi ya malipo, na mwanafunzi anajua ni kitendo kipi hasa kilichomletea riziki. Mbwa nao hufundishwa hivyo hivyo. Kidude sikukipata, nikachukua kalamu ya kubofya. Ndizi Kamanda hali, nikachukua dagaa.

Kalamu ilifanya kazi kupita kiasi. Siku moja alikuja mjumbe wa mtaa kuandikisha kaya, akakaribishwa barazani, akafungua daftari, akabofya kalamu. Kamanda akatokea nyuma ya nyumba mbio, akakaa mbele yake wima, kifua nje, macho kwa macho. Sijapata kuona "kaa" safi kama ile. Mjumbe akaandika jina langu, akabofya. Kamanda akasogea. Akaandika la mke wangu, akabofya. Kamanda akamwekea kidevu gotini. Mtu yule alikumbuka ghafla ana kikao mahali pengine, na nadhani hadi leo daftari la mtaa linasema kaya yetu haina watoto.

Dagaa nao wana yao. Wakikaa mfukoni mwa shati, harufu yao haitoki hata shati likifuliwa. Kanisani, benchi langu lina nafasi ya kutosha.

Somo la "njoo" ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na kesi ya nyuma. Kwetu, kama kwa wengi, mbwa hufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku alinde nyumba. Maana yake, kila alipoitwa "Kamanda, njoo!" aliishia kufungiwa. Mnyama hakuwa kiziwi. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Ikabidi nianze upya: namwita, nampa dagaa, namwachia aende zake. Sasa anakuja. Anakuja akiitwa, anakuja asipoitwa, anachukua chake, anazunguka nyumba na kurudi kuchukua tena.

Mama mkwe alipotutembelea kutoka Same alikaa kwenye mkeka akatazama mafunzo haya jioni nzima. Mimi nasema "kaa", mke wangu anasema "tulia", Neema anasema "siti", na Kamanda katikati anatutazama kwa zamu akisubiri tukubaliane.

"Mwanangu," mama akaniambia kwa upole, "mbwa anabweka na analala mlangoni. Unataka na maji akuchotee?"

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikaongeza vizuizi.

Mchezo wa mbwa kuruka viunzi kwa kasi ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kwenye maonyesho ya Crufts jijini London. Waandaaji walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, wakaiga mashindano ya farasi. Leo una sheria zake: kuna viunzi, handaki, ubao wa bembea, na nguzo 12 zilizopangwa mstari, ambazo mbwa hupita katikati yake akijipinda huku na huku. Nguzo ya kwanza lazima iwe upande wa bega lake la kushoto. Ikiwa kulia kwake, amekosea. Mwenye mbwa hukimbia pembeni akielekeza kwa mkono na sauti, haruhusiwi kumgusa.

Uwanja nikaujenga nyuma ya jiko. Nguzo zilikuwa fito, handaki likawa pipa lililotobolewa pande zote mbili, kiunzi kikawa bomba la plastiki. Hapo pana jambo la kiafya: mifupa ya mbwa mchanga haijakomaa, na mruko mrefu kabla hajafikisha mwaka mmoja au mwaka na nusu, kutegemea ukubwa wake, unaweza kumharibu viungo. Kwa hiyo bomba nililaza chini kabisa. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona mtu mzima akikimbia huku akipaza sauti "Ruka!" na mbwa akivuka bomba lililolala ardhini.

"Jirani," akasema, "huko si kuruka. Huko ni kutembea."

Ubao wa bembea ulipigiza mara moja tu, pwaa, Kamanda akahamia chini ya kitanda. Ushauri wa wajuzi ni kutandika kitu laini ili ubao usipige kelele, nami nikatandika godoro kuukuu. Alipoliona akapanda ubao, akateremka upande wa pili, akajizungusha, akalala. Pipa nalo lilivamiwa na kuku, akataga mayai na kuatamia, handaki likafungwa kwa muda usiojulikana. Aliyemaliza vizuizi vilivyobaki bila kosa hata moja ni paka, ambaye hakuwa ameandikishwa. Alikuwa anafuata dagaa tu.

Paka huyo ndiye aliyenifumbua macho. Mnyama hafanyi unachotaka, hufanya kinachomlipa, na mara nyingi tunamlipa bila kujua. Ukimkimbiza mbwa aliyeiba kandambili yako, umemlipa mchezo. Akibweka mezani ukamtupia mfupa anyamaze, umemlipa mshahara wa kubweka. Kamanda tangu mwanzo alikuwa mwanafunzi hodari. Alijifunza kila kitu tulichomfundisha, hasa kile ambacho hatukukusudia.

Basi wewe mwenye mbwa mchanga, mpe dakika tano asubuhi na tano jioni. Amri moja iwe na neno moja kwa watu wote wa nyumba. Malipo yawe papo hapo. Usimwite ili umwadhibu. Akishindwa, punguza ugumu wa somo, usipandishe sauti. Na kabla ya yote, akifikisha miezi mitatu mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, maana mbwa wa mafunzo atakutana na watu wengi, na wageni nao wana haki ya kubofya kalamu zao kwa amani.