Sketi za Subaru

Mlima Sagalla hauna heshima kwa mapambo ya gari. Shemeji yangu ana Subaru Impreza ya 1998, yenye zile sketi za plastiki za pembeni zilizotoka nayo kiwandani, na kila akipanda kumsalimia mama yake sketi zinalima barabara. Ukimwambia azivue, anakutajia Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Sawa, lakini gari la McRae lilinyanyuliwa kwa ajili ya mawe yetu. La shemeji linakwaruza hata ganda la ndizi.

Kilichomnyamazisha ni tuta moja la njia ya Mwatate, lililong'oa ncha ya sketi ya kushoto. Tukampeleka kwa fundi wa jua kali hapa Voi.

"Kazi ndogo hii, bosi," fundi akasema. Fundi akikuambia kazi ni ndogo, tafuta kivuli ukae.

Sketi hizi zimeshikwa na skrubu, klipu na gundi, na kila kimoja kina kiburi chake. Skrubu zilikuwa zimeungana na kutu na udongo mwekundu wa Tsavo, bisibisi inazunguka bila kung'ata. Klipu ndizo mbaya zaidi. Plastiki iliyopigwa na jua la Voi miaka yote hiyo haifunguki, inavunjika: fundi anabonyeza kipini cha katikati, kipini kinazama, kisha kichwa cha klipu kinaruka na kutua ndani ya chai yake. Alikitoa kwa kidole, akanywa, akaendelea.

Ikabaki gundi. Kwingine watu huilainisha kwa mashine ya kukaushia nywele. Voi mashine hiyo iko angani, haina bili, na kufikia saa saba mchana ubavu wa gari haugusiki. Washauri nao walishajaa. Mwendesha boda mmoja akasisitiza tukate gundi kwa kamba ya mkonge, maana Taita tuna mkonge wa kutosha nchi nzima. Ikakatika kamba. Aliyetuokoa ni mchuuzi wa samaki kutoka Taveta, ambaye ndugu zake huvua Ziwa Jipe: alitoa mshipi mfukoni, akaupitisha nyuma ya plastiki, akashika ncha moja na fundi nyingine, wakavuta huku na huku mpaka sketi ikaachia.

Ilipoanguka, sote tukanyamaza. Gari la shemeji ni jeupe. Chini ya sketi, kutoka gurudumu hadi gurudumu, lilikuwa bluu.

"Bosi, kitabu cha gari kinasema rangi gani?"

Shemeji hajawahi kukisoma. Wanaume wa ukoo ule hununua gari kwa sikio. Wakishasikia muungurumo, makaratasi ni kazi ya wengine. Kikafunguliwa: bluu.

Mabaki ya gundi yalitoka kwa mafuta ya taa. Ile bluu haikutoka. Jumapili iliyofuata tukasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Afande akasoma kitabu, akalizunguka gari, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa bluu."

"Ndiyo, afande. Inama kidogo."

Akainama kweli. Akakaa pale chini muda, kisha akainuka akipangusa magoti. Akatuambia twende zetu, ila siku nyingine gari lije na rangi moja, yoyote ile.

Kupaka rangi upya ni pesa, kwa hiyo shemeji akaamua sketi zirudishwe. Shida ni kwamba zilishapanda Sagalla: mama mkwe alizipindua, akazijaza maji, na kuku wake sasa wanakunywa kwa mstari mrefu bila kugombana. Shemeji akanituma mimi nikaziombe, akisema mkwe hanyimwi kitu.

Mama alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. "Baba," akasema, "mwambie alete na zile za mbele. Kuna bata."