Barua ya Wazi kwa Mtukufu Utando wa Seli

Kwa Mtukufu Mheshimiwa Utando wa Seli ya Neva, Mlinzi wa Mpaka, Msimamizi wa Waingiao na Watokao,



YAH: OMBI LA UKAAZI WA KUDUMU NDANI YA SELI

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni ioni ya sodiamu, mkazi wa majimaji ya nje, mnyonge mwenye chaji moja chanya. Naomba radhi kwa kukuchukulia wakati. Naelewa kwamba kwa unene wako wa nanomita saba au nane huna hata pa kuweka barua za wanyonge, wala hatukulaumu.

Niruhusu nianze kwa shukrani. Ujenzi wako ni wa kupigiwa makofi: tabaka mbili za fosfolipidi, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na ndani, mikia ya mafuta ikisitiriwa katikati. Mimi, nitembeaye nimezungukwa na molekuli za maji, siyapenyi mafuta hayo hata kwa dua, na bila shaka ni kwa faida yangu. Oksijeni hupita haulizwi kitu. Hata pombe, Mtukufu, huingia usiku wa manane bila hodi, na asubuhi mwenye mwili ndiye anayelalamika kichwa. Sisemi kitu. Wakubwa wanawajua wageni wao.

Nashukuru pia kwa mlango wa potasiamu. Ndugu yangu huyo ni mnene kuliko mimi, naye hupita. Mimi mwembamba nilipomfuata nyuma, niliambiwa sifai kwa kuwa ni mdogo mno. Nikadhani ni dharau, kumbe ni sayansi. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo la mlango wa namna hiyo: anayepita sharti ayavue maji yake, na atomu za oksijeni zilizo ukutani zimshike badala ya maji. Potasiamu zinamkaa sawasawa, mimi hazinifikii. Mwaka 2003 MacKinnon alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Potasiamu ana mlango, MacKinnon ana tuzo, nami nina maelezo. Ahsante sana.

Nisije nikaonekana mtovu wa fadhila: penye kazi huwa unanikaribisha. Neva ikitaka kupeleka habari, milango yangu hufunguliwa kwa muda wa takriban elfu moja ya sekunde, tunaingia kwa vishindo, mtu anauondoa mkono wake motoni, na milango inafungwa kabla hatujapata pa kukaa. Kule utumboni jamaa zako huniingiza nikiwa nimeandamana na glukosi, maji yakatufuata. Ndiyo maana pakiti ya ORS, yenye chumvi na sukari, humwokoa mgonjwa wa kipindupindu. Akipona anashukuriwa nesi. Nesi anastahili.

Sasa niitaje, kwa adabu zote, pampu yako. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za miguu ya kaa, akapewa Nobel mwaka 1997, kwa hiyo naona kusubiri ni desturi ya jambo hili. Pampu hututoa nje watatu watatu na kuwaingiza potasiamu wawili wawili, ikitumia molekuli moja ya nishati, ATP, kwa kila mzunguko. Hata mwili uliopumzika hutumia karibu moja ya tano ya nishati yake kwa shughuli hiyo. Ugali wa watu, maharage ya watu, vinachomwa ili mimi nisilale ndani! Sijapata kuona mnyonge akigharimiwa kiasi hicho. Huku nje tumeshafika karibu mara kumi ya walio ndani, tunabanana, tukikuombea maisha marefu.

Basi ombi langu ni dogo: pampu isimamishwe. Wala usijisumbue mwenyewe. Yupo mtaalamu aitwaye uabaini, mzaliwa wa mti wa msunguti, ambaye wawindaji wa Afrika Mashariki wamempaka kwenye mishale yao vizazi na vizazi. Huishika pampu kwa upande wa nje, nayo hutulia. Ukitaka ushahidi wa uhodari wake, tembo wanamfahamu. Naomba ateuliwe mara moja kuwa mkaguzi wa pampu zote.

Utatokea usumbufu kidogo. Tukishajaa ndani, maji yatatufuata, seli itavimba, na huenda ukapasuka. Kwa kulijali hilo nimeambatisha rambirambi mapema, ili usipate taabu ya kuzisubiri.

Najua hutajibu. Hata hivyo, iwapo utapata nafasi, naomba jibu liwe la maandishi, lipigwe muhuri, na nikabidhiwe mwenyewe ndani ya seli. Huku nje sipokei barua tena.

Wako mtiifu,
Ioni ya Sodiamu

Nakala: Ndugu Potasiamu, kwa taarifa tu.