Mhadhara wa Mtaalamu Mkuu wa Transfoma

Ndugu zangu wapenda mziki mnene, mafundi wenzangu wa chini, na ninyi wawili mliofuata soda: kaeni. Kwa wasionifahamu, poleni. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Transfoma wa mtaa huu, cheo nilichojivika mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye hadhi ya kunivika.

Mada: kwa nini amplifaya uliyoiunda nyumbani inanguruma kama mashine ya kusaga? Waya, ndugu zangu! Vitabu vinasema uchomoe transfoma, upime kwa mita. Upande wa umeme wa ukutani waya ni mwembamba, mizunguko mingi, omu nyingi. Upande wa pili waya ni mnene, omu kiduchu. Sawa. Mimi sipimi. Mimi nanusa.

Msicheke. Juzi kaleta mtu transfoma ya 18-0-18 na aisii mbili za TDA2030. Nikanusa, nikaamuru: "Unga!" Mwanafunzi wangu, kijana mwenye maradhi ya kupima, akadai eti volti 18 zikipita kwenye dayodi na kujaza kapasita zinafika karibu 25 kila upande, na aisii ile mwisho wake 18, eti tutafute 12-0-12, itatoa kama 16. Hesabu za dukani hizo! Tukaunga. Aisii zikapasuka moja baada ya nyingine, nami nikapata ushahidi kwamba viwanda vya siku hizi havina adabu.

Sasa transfoma yenye koili mbili za volti 12, nyaya nne. Mwisho wa koili ya kwanza hufungwa na mwanzo wa ya pili, na fundo hilo ndilo sifuri yako. Niliunga kwa kipaji. Mita ikasoma sifuri toka ncha hadi ncha. Nikatangaza umeme umekatika. Mtu mmoja akaonyesha feni inazunguka. Nikamweleza kwamba huo ni upepo. Kijana akageuza koili moja, zikaja volti 24. Bahati tu.

Ile sifuri ipeleke kati ya kapasita mbili kubwa, na ardhi zote, ya spika na ya sauti inayoingia, zikutane hapo hapo. Ukizitawanya bodi nzima utasikia mvumo hata sauti ikiwa chini kabisa. Mvumo wa amplifaya yangu, lakini, ni wa kitaalamu.

Mwisho, waoga huunga balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi, mfululizo na waya wa umeme kabla ya kuwasha. Ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, chomoa.

Naam, mama, swali lako? Hii balbu hapa mezani? Imewaka hivyo tangu nianze, ndiyo, nimeiweka ili mnione vizuri. Kijana, hebu sogea ukutani, taratibu, bila kukimbia. Swali lingine?