Ukishika Kamba, Usishike Mfuko

Msyoo! Jamani, haya tuyaseme hapa hapa kijiweni. Jana alipita bwana mmoja akitoka pwani, suruali imerowa hadi mapajani, gunia la mwani mbichi begani, mkewe yuko mbele na kamba zake. Mmoja wetu akacheka: "Huyo keshageuzwa mwanamke." Nikasonya, na leo nasonya tena. Cha kuchekwa hapo ni kipi?

Huu ni mwezi wa Julai, kipupwe, kusi lina nguvu zake zote. Hapa Paje upepo huu unawafaa watalii wa kaiti, lakini ngalawa zimevutwa juu, maana nje ya mwamba bahari haina simile. Sasa mwanamume ambaye chombo chake hakitoki, ashinde akifanya nini?

Mwani haumngojei mtu. Tangu uanze kulimwa kibiashara upande huu wa Unguja mwaka 1989, walioubeba zaidi ni wanawake. Na kipupwe ndicho kipindi chake: maji yakipoa unanawiri, joto la kaskazi likija unaugua na kuoza. Lakini kusi hilo hilo linalopoza maji ndilo linalong'oa vijiti na kukata kamba. Shamba linataka watu wawili, tena sasa hivi.

Kazi yenyewe mmeiangalia? Bamvua likiingia, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka asubuhi, na muda wa kufanya kazi ni mfupi. Mke akiwa peke yake anafunga kamba kwenye kijiti kimoja, anakwenda cha pili, mkondo unamsukuma, kamba inalegea, anarudi kuanza upya. Wakiwa wawili, mmoja anaivuta mpaka ikaze, mwenziwe anapiga fundo. Kisha wanaipitia taitai moja moja, vile vikamba vya kufungia miche. Mche uliokatika wanafunga mwingine, vidole vimekufa ganzi, chumvi imeingia kwenye michubuko. Usiku wanakunywa chai ya tangawizi huku kamba zimetandazwa ukumbini, wanakata taitai za kesho.

Baada ya kama wiki sita mwani unavunwa. Kilo saba au nane mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Uzito wote huo unapandishwa kwa shingo ya nani? Na ukishaanikwa, mchoo ukanyesha ghafla, mtu mmoja hawezi kuukusanya na papo hapo kulizuia turubai linalopeperuka. Mwani ulionyeshewa unapoteza chumvi na rangi, na mnunuzi anashusha bei ambayo toka hapo ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo bwana yule namheshimu. Ila nawe unayeshuka, nisikilize. Ukishika kamba, usishike mfuko! Wapo wanaosaidia mabamvua mawili, la tatu wanasimama mizanini kupokea fedha, na mke anaomba nauli kwenye jasho lake mwenyewe. Hiyo ni dhulma. Fedha za mwani zimeezeka nyumba na kununua madaftari ya watoto miaka yote tulipouita kazi ya kike. Mwenye shamba ni yeye. Jina lake ndilo liandikwe mizanini, na hesabu mkae mfanye pamoja, kila mmoja aione.

Wazee walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa haumbagui mume wala mke. Bamvua lijalo waulizeni wake zenu maji yanatoka saa ngapi, mshuke nao. Na kaskazi likirudi, vyombo vikaanza kutoka, msiwape kisogo mkasema msaada wenu ulikuwa wa kipupwe tu. Siku ya kuvuna pitisheni ngalawa shambani iwabebee magunia, shingo zao nazo zipumzike.