Mkwaruzo wa Mlango wa Nyuma

Hongera, patron, kwa kukataa kusaini karatasi ya kupokea gari lako jipya kule Kisangani. Ulipiga magoti, ukamulika bampa kwa tochi ya simu, ukapapasa boneti, hadi ukaupata: mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, mlango wa nyuma. Muuzaji alileta fundi na dawa ya kung'arisha. Ukasema hapana, mlango upakwe rangi upya. Haki yako! Gari lilipanda Mto Kongo kwa tishali kutoka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, katikati ya magunia na mbuzi. Kufika na mkwaruzo mmoja ni muujiza, lakini muujiza hauna garantii.

Sasa lipeleke nyumbani Ubundu. Wabelgiji, walioiita Ponthierville, walishindwa kupitisha meli kwenye maporomoko saba ya Boyoma, wakajenga reli ya kilomita 125 hivi, iliyokamilika 1906. Treni ukiisubiri, rangi itapauka ikiwa bado stesheni. Basi shika barabara. Matawi ya msitu yatakusainia kushoto na kulia bila kuombwa kalamu, tope litakagua chini ya gari, na vijana watakaolisukuma wataacha alama za vidole vyote kumi.

Usikasirike. Jicho lako ni kali, ila limeajiriwa pasipofaa. Laiti wanaopokea barabara kutoka kwa makandarasi nao wangepiga magoti, tochi mkononi, kabla ya kusaini!