Peugeot ya Baba na Injini ya Hiace

Kwa baba, Peugeot 504 haizeeki. Hata injini iliporusha rodi ikatoboa bloki, oili ikatapakaa barabarani, alisema gari "limechoka kidogo" na kunikabidhi ufunguo pamoja na bili.

Mafundi wa Nakuru hawakubaliani hata kuhusu oili, lakini hapa walikuwa na sauti moja: tia injini ya Toyota Hiace, spea zake zipo kila duka. Giaboksi ibaki ileile. Hilo la pili halikuwa na hiari, kwa sababu propela shafti ya 504 inapita ndani ya bomba la chuma lililofungwa moja kwa moja kati ya giaboksi na difu. Ukiitoa giaboksi, umeanza kuhamisha gari zima.

Sasa, injini ya Peugeot imelala upande kwa nyuzi 45, na matundu ya bolti kwenye koti la klachi yametobolewa kufuata ulalo huo. Ya Toyota inakaa wima. Fundi aliviweka vyuma hivyo viwili uso kwa uso chini ya mwembe, akavizunguka, akasema, "Hawa hawajatambulishwa."

Dawa ni bamba nene la chuma: matundu ya Toyota upande huu, ya Peugeot upande ule. Lakini bamba lina unene, na kwa unene huo ncha ya shafti ya giaboksi haikufika tena kwenye kibushi chake nyuma ya injini. Mkerezaji akachonga kibushi kirefu cha shaba. Klachi nayo ilitaka upana wa flaiwili ya Toyota na meno ya katikati yanayoshika shafti ya Peugeot, kitu ambacho hakuna duka linalouza. Plati mbili zikafumuliwa, kitovu cha moja kikapigwa ribiti kwenye duara la nyingine. Nilikitazama kile kiumbe kwa muda mrefu. Kilikuwa kizuri, kwa kweli.

Likabaki suala la mstari. Shafti lazima ielekee katikati kabisa ya injini, na hapo nusu milimita ni umbali wa kutisha. Kazi hiyo hufanywa kwa geji yenye mshale. Fundi wetu alifumba jicho moja.

Tulipoliwasha na kukanyaga klachi, gia ya kwanza iliingia kwa kilio ambacho kiliwatoa watu dukani. Beringi ya mbele ya giaboksi ikafuata na wimbo wake, na tulipofika mzunguko wa barabara gia ya tatu ilijitoa yenyewe bila kushauriana na mtu. Tukashusha kila kitu. Geji ikaazimwa, bamba likasogezwa kiasi ambacho macho yangu hayakukiona, na makelele yakaisha. Fundi alidai tofauti ilikuwa ni oili.

Ikaja zamu ya mkono wa gia, ule wa kwenye usukani. Eksozi ya Toyota ilitaka kupita palepale penye fito za gia, kwa hiyo fito zikakunjwa kuipisha. Matokeo yake, gia ya pili haipatikani mpaka dereva ainue paja. Askari wa trafiki aliwahi kunisimamisha aone kama nina tatizo la kiafya.

Na kwa kuwa injini inayosimama wima ni ndefu kuliko iliyolala, boneti haikufunga. Ikakatwa, ikachomelewa nundu.

Jumapili moja jirani akauliza habari za hiyo nundu. Baba akaegemeza mkono juu yake, akaanza: Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978, na yake ilikuwa V6, injini kubwa, unaelewa, inahitaji nafasi. Hakusema kwamba hii ni V6. Alinyamaza tu mahali panapofaa, akaliwasha gari.

Jirani ni dereva wa matatu. Alisikiliza mlio ule kidogo, kisha akauliza kwa adabu zote, "Mzee, huyo Nicolas alikuwa akibeba abiria kumi na wanne?"